Bia ingoje nchi kavu

Kaunti ya Nakuru haina mto wenye kina cha kupitisha chombo cha matembezi. Malewa na Gilgil hushuka kutoka milima ya Nyandarua na maji ya kunywesha ng'ombe na kumwagilia mboga. Njoro, Makalia na Nderit, inayomwaga maji yake Ziwa Nakuru, kuna miezi unaivuka bila kuvua viatu. Kwa hivyo mtu wa huku akitaka saa moja ya starehe juu ya maji huelekea ziwani, na mara nyingi ziwa hilo ni Naivasha.

Biashara ya boti Naivasha imepanuka. Barabara kutoka Nairobi ni fupi, na tangu Safari Rally irudi kwenye ratiba ya mashindano ya dunia mwaka wa 2021 na kufanya makao yake Naivasha, vijana wengi wamelijua ziwa ambao awali walipita tu wakielekea Nakuru au Eldoret. Zamani ulifika ufuo wa Karagita au wa Kamere, ukapatana bei na mwenye boti, ukazungushwa, ukashuka. Siku hizi tangazo linaloingia kwenye simu yako limeongezwa mstari mmoja: bei ni pamoja na vinywaji. Saa moja ziwani jua likizama, sanduku la barafu miguuni, unywe unavyotaka.

Naandika kupinga mstari huo. Sina ugomvi na bia, wala na mtu aliyefanya kazi wiki nzima akaamua kujistarehesha Jumamosi. Ninachosema ni kwamba pombe isiuzwe ndani ya nauli ya boti, na isinywewe majini katika vyombo vidogo tulivyo navyo Naivasha. Ingoje abiria ashuke. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza pia ni nani mwenye uwezo wa kulifanya hilo liwe kanuni.

Tuanze na kile ambacho abiria anakuja kukinunua. Boti nyingi za Naivasha ni za faiba, ndefu na nyembamba, zenye mabenchi na injini moja nyuma. Zinabeba watu wachache, na ziko chini sana: ukikaa pembeni na kuning'iniza mkono, vidole vinagusa maji. Nahodha mzuri akitoka gatini hakimbizi injini. Anapita polepole kando ya mafunjo kwa sababu humo ndimo kuna mambo. Mdiria anasimama hewani akipiga mabawa mahali pamoja, kisha anajitupa majini kichwa mbele. Minandi wamejaa kwenye matawi ya migunga iliyokufa, mabawa wameyatandaza yakauke. Mwari wanapita kwa safu. Kuanzia Oktoba hivi wapo pia ndege waliokimbia baridi ya Ulaya, na watakaa huku hadi Machi.

Kisha huja zamu ya furukombe. Nahodha hubeba samaki wadogo ndani ya ndoo. Huchukua mmoja, akakata kipande cha bua la funjo, akakisokomeza kinywani mwa samaki mpaka kiingie tumboni ili asizame. Halafu hupiga mbinja kumwelekea ndege aliyetulia juu ya mgunga, na kumrusha samaki mbali na boti. Furukombe hashuki papo hapo. Hugeuza kile kichwa cheupe, akapima, akajiachia kutoka tawini. Anakuja chini chini juu ya maji, miguu inatangulia, makucha yanachana uso wa ziwa, na kabla hujajua umeona nini ameshapanda na samaki wake. Yote hayo ni ya nukta chache. Mwenye macho na utulivu atalisimulia tukio hilo kwa miaka.

Baada ya hapo ni viboko. Kiboko mzima ana uzito wa zaidi ya tani moja na anaweza kukaa chini ya maji kwa dakika tano hivi bila kuvuta pumzi. Si mwogeleaji, hutembea juu ya tope la chini, na kwa kuwa sehemu kubwa ya Naivasha si ya kina kirefu, karibu kila mahali pana sakafu yake. Nahodha huwatafuta kwa mkunjo wa maji, kwa povu, na kwa sauti ya pumzi. Huhesabu vichwa. Kundi analolijua kuwa la sita likionyesha vichwa vitano, anajua mmoja yuko chini, na husogeza boti nyuma. Kazi hiyo inataka sikio, ndiyo maana wazoefu hawapendi muziki wa juu wakiwa karibu na viboko.

Juu ya yote hayo umesimama Mlima Longonot, mita 2,776 kutoka usawa wa bahari, na upande wa Olkaria mvuke unapanda kutoka visima vya umeme wa jotoardhi. Mbele kuna Crescent Island, ambako twiga na pundamilia wanalisha bila simba wa kuwasumbua. Saa moja haitoshi kuyaona hayo yote vizuri. Huo ndio ushahidi wangu wa kwanza dhidi ya sanduku la barafu: linachukua nafasi ya kitu kilicholipiwa.

Nimekaa kwenye boti ya namna hiyo. Furukombe aliposhuka, nusu ya abiria walikuwa wanatafuta kifungulio cha chupa. Walilalamika kwamba hawakuona, wakataka arushiwe samaki mwingine. Tulipofika kwa viboko, kijana mmoja alisimama juu ya benchi na simu mkononi. Nahodha, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufu, alimwomba akae.

"Mzee, tusogeze kidogo tu, hapa picha haitoki."

"Hapa panatosha, mwanangu."

"Lakini tumelipa, mzee."

Mzee alisogeza boti. Si sana, ila alisogeza, na mimi nilimwona akitazama maji wala si wale vijana. Hakuna aliyeumia siku hiyo. Lakini katika yale maneno "tumelipa" ndimo ulimo ubaya wote ninaouzungumzia. Aliyelipia maji na pombe kwa bei moja huona vyote viwili ni mali yake kwa saa ile, na mtu pekee anayejua hatari ilipo anakuwa mhudumu wa kuagizwa.

Kunywa kando ya Naivasha hakukuanza jana. Walowezi walilifanya ziwa hili mandhari ya glasi zao. Katika miaka ya 1920 lilijengwa jumba la Djinn Palace kwenye ufuo wa kusini, likawa mojawapo ya makao ya wale Waingereza matajiri waliojulikana kwa jina la Happy Valley, watu waliosifika kwa ulevi na anasa kwenye ardhi iliyotwaliwa kutoka kwa wengine. Bwana mmoja wao, Lord Erroll, aliishi hapo kabla ya kuuawa karibu na Nairobi mwaka wa 1941. Katika miaka ya 1930 na 1940 ndege za majini kutoka Uingereza zilikuwa zikitua Naivasha, na abiria wakapokewa hotelini kando ya maji kabla ya kuendelea Nairobi. Picha tuliyoirithi kutoka enzi hizo ni ya mgeni aliyekaa, glasi mkononi, ziwa likiwa nyuma yake.

Hebu tuitazame upya. Bonde la Wanjohi, ambako Happy Valley walifanyia karamu zao, ndiko yanakotoka baadhi ya maji ya Mto Malewa, na Malewa ndio unaoliletea Ziwa Naivasha sehemu kubwa ya maji yake ya mtoni. Leo Wanjohi ni ya wakulima wadogo wa viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa. Baadhi yao wamepanda nyasi na miti kwenye miteremko na kingo za mito ili udongo usisombwe hadi ziwani, chini ya mpango ambao watumiaji wa maji wa huku chini wamekuwa wakiwapa chochote kwa kazi hiyo. Mkulima huyo hajawahi kupanda boti Naivasha, pengine hatapanda. Lakini maji yale yanamgharimu jasho. Kuyafanya pazia la nyuma ya kikao cha bia, kisha kuacha kopo likielea kwenye mafunjo, ni kumkosea heshima mtu anayeyalinda.

Turudi kwenye bei. Ukiambiwa vinywaji vimo, usidhani umepewa zawadi. Aliyenunua bia alizitia kwenye hesabu, na hesabu hiyo ina matokeo yake. La kwanza ni kwamba mnywaji hunywa ili arudishe pesa zake. Mtu ambaye ufuoni angeagiza chupa moja na kuridhika, ndani ya boti atakunywa haraka kwa sababu saa ni moja na imeshalipiwa. La pili, asiyekunywa humlipia anayekunywa. Mama aliyekuja na watoto wawili na kunywa soda anachangia bia za watu asiowajua. La tatu ndilo zito zaidi: anayetaka kuuza bia na safari kwa bei inayovutia lazima abane mahali. Atabana wapi? Ataongeza abiria mmoja au wawili. Ataahirisha kununua jaketi mpya za kuokolea maisha. Atampunja nahodha. Rahisi ghali, na ughali wake hauonekani mpaka siku upepo unapovuma.

Na upepo huvuma. Anayeijua Naivasha anajua kwamba asubuhi ziwa huwa shwari kama sakafu, na alasiri upepo ukaamka na kulikunja. Wavuvi hupanga siku yao kwa kufuata hilo. Safari yenye vinywaji, kwa sababu ya picha ile tuliyoirithi, huuzwa kuelekea machweo, yaani wakati ambapo ziwa limeshachafuka au lina uwezekano wa kuchafuka, mwanga unapungua, na viboko wanaanza kujongea ufuoni kwenda malishoni. Tumechukua saa inayotaka uangalifu kuliko zote tukaifanya saa ya kulewa.

Pombe nayo ina kazi yake mwilini. Hupunguza usawa wa mtu na uamuzi wake, jambo ambalo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi: mnywaji huhisi joto huku mwili wake ukipoteza joto hilo kwa kasi. Ziwa Naivasha liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jioni yake si ya Mombasa. Aliyekunywa akitumbukia majini huchoka upesi, na anaweza kuchanganyikiwa asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Walinzi wa Pwani wa Marekani, nchi yenye mamilioni ya boti za starehe, hutoa takwimu za ajali kila mwaka, na mwaka baada ya mwaka pombe ndiyo sababu inayotajwa mbele ya nyingine zote zinazojulikana katika ajali zenye vifo.

Kuna jambo ambalo matangazo hayalitaji. Bia hutaka kutoka, na boti hizi hazina choo. Mwanamume husimama ukingoni, mkono mmoja umeshika bega la mwenzake, na boti yote inalala upande mmoja. Mwanamke huvumilia kwa shida au huomba safari ikatishwe. Kuna pia ukarimu wetu: mgeni aliyefurahi humpa nahodha naye chupa. Akiikataa ataonekana ana kiburi. Akiipokea, sasa walevi wako mbele na nyuma ya chombo.

Mfano wa kile kinachoweza kutokea hauko mbali. Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe MV Templar ilizama kwenye Ziwa Victoria upande wa Mukono, Uganda, ikiwa na watu waliotoka kujiburudisha wikendi kwa muziki na vinywaji. Zaidi ya 30 walikufa. Serikali ilieleza kwamba chombo hakikuwa na leseni na kilikuwa kimepakia watu kupita uwezo wake. Miezi miwili kabla, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha.

Nazitaja ajali hizo pamoja kwa sababu zinatofautiana. Watu wa Ukara walikuwa na haja. Siku hiyo ilikuwa ya soko, kivuko kilikuwa kimoja, na mtu hangeweza kutembea juu ya maji kurudi kwake. Abiria wa Templar walikuwa na hiari. Starehe ni hiari, na kwa kuwa ni hiari tunaweza kuiwekea masharti bila kumnyima mtu riziki, matibabu wala njia ya kwenda nyumbani. Huwa tunasema ajali haina kinga. Ya namna hii ina kinga, na kinga yake haigharimu zaidi ya kubadilisha mahali pa kunywea.

Ziwa lenyewe nalo limebadilika. Ukame wa 2009 uliliteremsha hadi watu wakahofia litakauka. Tangu hapo maji yalianza kupanda, na mwaka wa 2020 yalifika mahali ambapo wengi hawakuwahi kuyaona maishani mwao. Maziwa mengine ya Bonde la Ufa yalifanya vivyo hivyo: Baringo lilimeza hoteli na shule, na Ziwa Nakuru lilikuwa limeshafunika lango la zamani la mbuga. Mtaa wa Kihoto mjini Naivasha ulizama, na mwaka wa 2025 maji yakarudi tena, maelfu wakahama na wengine wakatolewa majumbani kwa boti. Maana yake kwa nahodha ni kwamba anaendesha juu ya ardhi iliyokuwa shamba jana. Chini ya maji kuna vigogo vya migunga, nguzo za ua, seng'enge na misingi ya nyumba. Nahodha anayeijua ramani hiyo kichwani anahitaji abiria waliotulia na wanaosikia akisema "kaeni". Boti ikigonga kigogo, waliokaa hushtuka tu. Aliyesimama na chupa mkononi huenda majini.

Na wanyama hawakuhama. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko ufuoni mwa Naivasha alipokuwa akipiga picha, na wakati huo huo mvuvi wa huko aliuawa na kiboko pia. Mtalii yule alikuwa nchi kavu, kwa miguu yake. Tujiulize nafasi ya mtu aliye ndani ya maji usiku ukiingia.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni la ajira. Utaambiwa kwamba utalii wa boti unalisha manahodha, wapishi, madalali wa ufuoni na madereva, na kwamba Naivasha haiwezi kuishi kwa maua ya waridi peke yake. Kweli tupu. Lakini tazama pesa za vinywaji zinaishia wapi. Vikiwa ndani ya bei ya boti, faida yake humwendea yule aliyepanga safari na kujaza sanduku la barafu, ambaye mara nyingi yuko Nairobi. Vikihamishwa nchi kavu, abiria aliyeshuka na njaa ya ziwani atakaa ufuoni, ataagiza tilapia kwa mama anayekaanga pale Karagita, ugali na kachumbari, na soda au bia yake kwenye kibanda cha jirani. Boti itakuwa imeuza macho yake, na ufuo utauza tumbo lake. Watu wengi zaidi watakula kutokana na mgeni yule yule.

Jibu la pili ni la wenzetu. Mombasa kuna majahazi yaliyogeuzwa mikahawa ambayo huelea hori ya Tudor usiku, watu wakila kamba na kunywa. Uganda, kwenye Mto Nile kuelekea maporomoko ya Murchison na kule Jinja, wageni hunywa wakitazama mamba na machweo. Kwa nini Naivasha inyimwe? Sinyimi. Naangalia chombo. Jahazi la mkahawa ni pana, lina wahudumu na mahali pa kukaa mezani. Boti kubwa za Nile zina sitaha, kingo za kushikilia, na wafanyakazi zaidi ya mmoja. Mtu akileta Naivasha chombo cha namna hiyo, kilichokaguliwa, chenye choo, kingo na mabaharia wa kutosha, nitakuwa wa kwanza kusema apewe leseni ya kuuza vinywaji. Tusichanganye hicho na boti ya faiba yenye injini moja na mzee mmoja.

Jibu la tatu ni la uhuru: mtu mzima ajichagulie. Ndani ya boti ndogo hakuna mtu anayejichagulia peke yake. Uzito wa mmoja ukihama, wote wamehama. Akianguka mmoja, nahodha atazima injini katikati ya viboko ili wote wamsubiri.

Kwa hivyo tufanye nini? Nchi hii ina mazoea ya kuzipa sheria majina ya watu waliozisimamia. Mwezi Februari 2004 kanuni za Michuki zilianza kutumika kwenye matatu: mikanda, vidhibiti mwendo, abiria waliohesabiwa. Watu walipiga kelele kwamba biashara ingekufa. Haikufa. Mwaka wa 2010 ikaja Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo mpaka leo mtaani inaitwa ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha hii hii. Iliweka saa za kufungua baa: saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi. Itakuwa jambo la kusikitisha kama eneobunge lililoipa Kenya sheria ya vileo ndilo litakaloruhusu baa ielee bila masharti.

Uwezo upo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe. Imezipa pia kazi ya vivuko na bandari, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa majini wa kitaifa na kimataifa. Usalama na ukaguzi wa vyombo uko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya, na Walinzi wa Pwani, walioundwa kwa sheria ya 2018, kazi yao inafika hadi maziwani. Ufuoni kuna kamati za usimamizi ambazo wavuvi na wenye boti wanazijua kwa majina ya viongozi wake. Haihitajiki ofisi mpya hata moja.

Kinachohitajika ni kanuni fupi ya Kaunti ya Nakuru. Iseme kwamba leseni ya pombe haitatolewa kwa boti isiyo na sitaha, kingo na choo, na kwamba hakuna atakayeuza safari ya boti kama hiyo kwa bei iliyojumlisha pombe. Iseme kwamba jaketi la kuokolea maisha livaliwe na kufungwa kabla injini haijawashwa, si kukaliwa kama mto, jambo tunaloliona kila wikendi. Kila gati liwe na ubao unaoonyesha idadi ya abiria kwa kila boti na saa ya mwisho ya kutoka. Na lililo muhimu kuliko yote, kanuni impe nahodha neno la mwisho. Akisema huyu amelewa, hapandi. Akisema upepo umeamka, tunarudi, boti irudi, na malipo yake ya siku yasikatwe kwa sababu hiyo. Mzee yule wa kofia ya sufu alisogeza boti kwa kuwa alijua wakilalamika atakosa kazi kesho. Mpe karatasi ya serikali ya kumuunga mkono, na atasema "hapa panatosha" kwa sauti ya mtu anayejua kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Hoteli na kambi zisingoje bunge la kaunti. Zina bustani zinazofika majini, na tayari Naivasha ina mfano mzuri wa namna ya kufanya mambo haya. Elsamere, iliyokuwa nyumba ya Joy Adamson, mwandishi wa kisa cha simba Elsa, huwapa wageni chai ya alasiri kwenye nyasi kando ya ziwa, na mbega wanaruka mitini juu yao. Chai hiyo imekuwa sababu ya watu kwenda. Hoteli ikiuza saa moja ya boti, kisha meza kwenye nyasi, wageni wakapewa bia, mvinyo au madafu huku wakisimuliana walichokiona, itakuwa imeuza vitu viwili vizuri badala ya kimoja kilichoharibika. Glasi ya nchi kavu ina mazungumzo. Mtu aliyemwona furukombe akishuka ana la kusema.

Nawe msomaji una nguvu yako. Ukipigiwa simu kuuziwa machweo ya Naivasha, uliza boti inabeba wangapi, jaketi ziko ngapi, na nahodha analipwa kivipi. Ukiambiwa vinywaji vimo, omba vitolewe na bei ipunguzwe. Wakikataa, nenda ufuo wa umma asubuhi, patana na mwenye boti ana kwa ana, na utoe bakshishi mkononi mwa aliyekuonyesha ziwa. Wafanyabiashara hufuata wateja kwa haraka kuliko wanavyofuata kanuni.

Lakini kanuni nayo iandikwe, na iandikwe sasa, wakati ambapo tunaweza kuijadili kwa utulivu. Za Michuki na Mututho zilikuja baada ya makaburi mengi. Hii Kaunti ya Nakuru inaweza kuipitisha kabla ya kaburi la kwanza.